Nishikilie vipi vipande vidogo vya mbao mezani bila jiliwa?

Seremala wa Langa Langa, Nakuru

Mafundi wenzangu, salamu. Ninafanya kazi ya useremala katika karakana ndogo mtaani Langa Langa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni vitu vidogo: fremu za picha, masanduku ya viungo, viti vya watoto na droo za kabati. Meza yangu ya kazi ni ya saiprasi, nzito na imara, wala haiyumbi ninapopiga randa. Shida iko katika kukishikilia kipande ninapokikata kwa kukingama nyuzi.

Kwa sasa ninakibana kipande kwenye ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto na kukata kwa wa kulia. Kipande kikiwa na urefu wa futi mbili hakuna taabu, lakini kikiwa cha inchi sita huzunguka chini ya kiganja kila msumeno unapong'ang'ania, mkato unapinda, na mapigo ya mwisho hung'oa nyuzi za upande wa chini hata nikalazimika kukikata upya. Vijana ninaowafundisha kazi wamezoea kukikanyaga kipande kwa goti juu ya stuli, jambo ambalo silipendi hata kidogo, kwa sababu msumeno unapita karibu mno na paja.

Nina jiliwa moja la chuma, yaani kifaa cha kubania kazi kati ya taya mbili, lakini ni la mafundi wa vyuma: taya zake zina meno, nayo huacha alama kwenye mbao laini hata nikiweka vipande vya plaiwudi katikati. Jiliwa la useremala, lile la kufungwa ubavuni mwa meza, lipo madukani, ila bei yake ni nzito kwa karakana kama yangu. Je, kuna kifaa rahisi ninachoweza kujitengenezea ili kipande kitulie ninapokikata? Kama kipo, kitengenezwe kwa mbao gani, kwa vipimo gani, na kifungwe vipi? Ningependa pia kusikia mnavyozizuia mbao nyembamba zisiteleze mnapozipiga randa.


Fundi wa Kibuye, Kisumu

Ndugu wa Langa Langa, usinunue jiliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Unachohitaji ni ubao wa kukatia, na unaweza kuutengeneza kwa mabaki yaliyo chini ya meza yako. Katika banda letu kila fundi ana wake, na hakuna kifaa kinachotumika zaidi yake isipokuwa penseli.

Umbo lake ni hili. Chukua ubao bapa wenye urefu wa milimita 300 hivi, upana wa 200 na unene wa 20 hadi 25. Chini yake, kwenye ukingo unaokuelekea wewe, funga kipande cha mbao cha milimita 40 kwa 25 kinachokingama upana wake. Hicho ndicho kizuizi cha chini, nacho hujishika kwenye ukingo wa meza. Juu yake, kwenye ukingo wa mbali, funga kipande kingine cha vipimo hivyo hivyo, na hicho ndicho kizuizi cha juu ambacho kazi yako itaegemea. Hakuna springi wala skrubu ya kukaza.

Nguvu ya kushikilia inatoka kwenye msumeno wenyewe. Msumeno wetu wa kawaida hukata unaposukumwa mbele. Unapousukuma, meno yake hukibebesha kipande kuelekea kizuizi cha juu, kizuizi hicho huusukuma ubao wote mbele, na kizuizi cha chini hukwama kwenye ukingo wa meza. Kadiri unavyosukuma ndivyo kila kitu kinavyozidi kukazana, na mkono wa kushoto hubaki na kazi ndogo tu ya kukilaza kipande kisinyanyuke wala kuzunguka. Unapourudisha msumeno, kila kitu hulegea, kwa hiyo unaweza kukisogeza kipande kidogo, ukatazama alama yako, kisha ukaendelea bila kufungua chochote. Kwa mtu anayekata vipande vingi vya urefu mmoja, wepesi huo ni wa thamani kuliko nguvu ya jiliwa lolote.

Sasa nikueleze mambo ambayo watu huyapuuza na baadaye wakaulaumu ubao.

La kwanza ni urefu wa kizuizi cha juu. Usikifanye kifike mwisho wa ubao upande wa kulia. Ubao ukiwa na upana wa milimita 200, kizuizi kiwe na 175, na zile 25 zilizobaki ziwe wazi upande wa msumeno. Hapo msumeno ukimaliza kukata kazi yako utagusa ubao wa kukatia na kuuchora kidogo, badala ya kuichora meza. Tena, ukiuweka mstari wa mkato karibu kabisa na mwisho wa kizuizi, nyuzi za nyuma ya kipande zitaegemea kizuizi, na nyuzi za chini zitaegemea ubao. Ule mng'oko unaolalamikia hutokea kwa sababu nyuzi za mwisho hazina kitu cha kuegemea.

La pili ni kufunga. Kizuizi cha juu usikipigilie misumari wala usikifunge kwa skrubu, kwa maana siku moja msumeno utapotea njia na kukuta chuma. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ukibane mpaka gundi ikauke, halafu utoboe matundu matatu ya milimita 8 au 10 na kuyajaza misumari ya mbao uliyoichonga mwenyewe. Ichonge kwa mbao ngumu kuliko ubao, ipake gundi, ipige nyundo polepole mpaka sauti ibadilike na kuwa nzito, kisha ikate ilingane na uso. Hapo msumeno ukipotea utakuta mbao tupu.

La tatu ni unyoofu. Weka skwea, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, juu ya ubao, mkono wake uguse uso wa kizuizi, kisha uinue ubao usawa wa jicho ukiuelekeza mlangoni. Mwanga ukipenya kati ya skwea na kizuizi, juu au chini, kizuizi kimelala, na kila mkato utakaoegemea hapo utalala nacho. Rekebisha kwa randa kabla gundi haijaingia, kwa kuwa baadaye ni kazi ngumu. Na kabla ya kukibandika, nyoa ukingo wake wa chini, ule utakaokuwa kwenye pembe ya ndani, kwa milimita 2 au 3. Unga wa msumeno hujikusanya katika pembe hiyo, na ukikosa mahali pa kuingia hukinyanyua kipande chako kidogo kidogo bila wewe kuona, nawe unabaki ukishangaa kwa nini fremu haifungi kona.

Kuhusu mbao, mahogani iliyokauka ni nzuri, na grevilea hufaa vizuri kabisa. Mkaratusi mbichi uache, kwani hupindapinda unapokauka. Mvule ni imara, lakini baadhi ya vipande vyake hubeba chokaa iliyoganda ndani kama jiwe, na meno ya msumeno yakikutana nayo yanakuwa butu papo hapo. Kwa ubao ambao msumeno utakuwa ukiugusa kila siku, siutaki.


Mwalimu wa Ufundi, Bungoma

Ndugu muulizaji, Fundi wa Kibuye amekueleza vizuri, nami nakubaliana naye karibu katika kila jambo. Nina tofauti moja ya maoni, kisha nitaongeza machache yanayohusu matumizi.

Tofauti yangu ni juu ya ubao wa chini. Yeye ametaja mbao za mwili mmoja. Mimi huwaelekeza wanafunzi watumie plaiwudi ya milimita 18 kila inapopatikana. Mbao hutanuka na kunywea kwa upana, si kwa urefu. Nyuzi za ubao wako zitaelekea mbele na nyuma, ilhali nyuzi za vizuizi zitaukingama, kwa hiyo majira yakibadilika ubao utataka kutanuka na vizuizi vitaukatalia. Kwa upana wa milimita 200, tofauti kati ya mvua za masika na kiangazi inaweza kufika milimita moja au zaidi, hasa kwa mbao zilizoletwa zikiwa na maji bado, kama zile zinazoteremshwa Nakuru kutoka Elburgon na Molo moja kwa moja hadi kwenye yadi. Gundi huanza kuachia pembeni, au ubao hupinda na kuanza kuyumba juu ya meza. Plaiwudi haina tabia hiyo, kwa kuwa matabaka yake yamepishana nyuzi. Usipokuwa nayo, punguza upana uwe milimita 150, tumia mbao zilizokaa karakanani muda mrefu, na gundi uipake katikati ya kizuizi zaidi kuliko ncha zake.

Kizuizi cha chini unaweza kukifunga kwa skrubu bila wasiwasi, kwani msumeno hauwezi kukifikia, mradi vichwa vyake vizame ndani visikwaruze meza. Hata hivyo, nakushauri uvifanye vizuizi vyote viwili kwa misumari ya mbao, kwa sababu ubao wa namna hiyo unaweza kupinduliwa. Ukiupindua, ule ukingo uliokuwa mbele yako ukaenda nyuma, kizuizi cha chini kinakuwa cha juu, na cha juu kinakuwa cha chini. Uso mmoja ukichakaa unatumia wa pili. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: kizuizi cha upande mmoja ukikifupisha kuliani, cha upande wa pili kifupishe kushotoni, na ubao huo huo utamfaa anayekata kwa mkono wa kushoto. Ukiwa na vijana unaowafundisha, usiache jambo hilo. Nimeona vijana wenye mkono wa kushoto wakihesabiwa kuwa wazito wa kujifunza, kumbe kila kifaa karakanani kimetengenezwa kuwapinga.

Tengeneza mbao mbili zenye unene mmoja, si mmoja. Kipande kirefu, tuseme mguu wa kiti au ubavu wa droo, hakikai sawa juu ya ubao mmoja, kwa kuwa upande ulio nje huning'inia. Ubao wa pili hukibeba upande huo, na huo wa pili unaweza kuwa na upana mdogo tu, wa milimita 60 au 70.

Kisha chora mstari juu ya kizuizi cha juu kwa skwea, ukiushusha mpaka kwenye uso wake, na ukate kwa uangalifu mkubwa kufuata mstari huo hadi ufikie ubao. Mfereji huo mwembamba utakuwa mwongozo wa msumeno kwa digrii 90, na ukikata mwingine wa digrii 45 utapata kona za fremu zako. Usitegemee mfereji kwa miaka, kwani hupanuka kwa matumizi. Utakapoona msumeno unacheza ndani yake, kata mwingine pembeni.

Katika kuanza mkato, weka msumeno kwenye ukingo wa mbali wa kipande, mpini ukiwa juu kidogo, na uurudishe nyuma taratibu mpaka ujitengenezee njia. Halafu shusha mpini polepole kadiri mkato unavyosonga mbele, hadi msumeno ulale sambamba na ubao. Wanafunzi wengi huanza kwa kusukuma kwa nguvu, na hapo ndipo kipande huruka kabla kizuizi hakijafanya kazi yake.

Na kama alivyosema Fundi, mabaki yanatosha. Tangu serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, wengi wetu tuliacha kuvitia jikoni vipande vya futi moja, na naona tuendelee hivyo hivyo ingawa marufuku ile ilikwisha kuondolewa.


Mhunzi na Seremala, Kakamega

Nami nijibu lile swali la pili, la kupiga randa, kwa kuwa wenzangu wamelipita.

Kwa mbao nyembamba, kizuizi rahisi ni ubao mwembamba wa milimita 6 hadi 10 uliofungwa kwa kukingama mwisho wa meza, upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Lazima uwe mwembamba kuliko kazi yako, randa ipite juu bila kuugonga. Skrubu zake zizamishwe vizuri chini ya uso. Ulimi wa randa ukigusa kichwa cha skrubu utatumia nusu saa kuunoa. Kizuizi hicho huizuia kazi isiende mbele, lakini hakiizuii isikimbie upande, hasa unapopiga randa kwa mshazari kusawazisha ubao uliopinda.

Kwa hilo unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni kibao cha unene wa milimita 12 hivi, chenye pengo la pembe mraba lililokatwa kwenye ncha moja, kama mdomo wazi wa ndege. Pengo hilo linaimeza pembe ya nyuma ya kazi yako, ile iliyo mbali na kizuizi cha mbele, na kazi ikashikwa kwa nyuma na kwa ubavu kwa pamoja. Cha pili ni chuma cha kukibana kibao hicho kisitembee.

Chuma hiki ninakitengeneza mwenyewe kwa nondo laini ya mviringo ya milimita 16 au 20. Kina mguu mnyoofu wa milimita 200 au zaidi, juu yake kimepindwa na kutoa mkono wa milimita 150 hivi unaoshuka kidogo, na ncha ya mkono imegongwa ikawa bapa. Unatoboa tundu la wima katikati ya meza, pana kuliko chuma kwa milimita 1 au 2, unaupitisha mguu, unauweka mkono juu ya kazi, kisha unagonga nyundo mara moja juu ya bega la chuma. Mguu huinama ndani ya tundu na kubana ukingo wa juu upande mmoja na ukingo wa chini upande wa pili, na hauchomoki. Kuufungua, unaugonga nyuma ya bega. Weka kipande cha mbao laini chini ya ile ncha bapa isije ikaacha alama.

Jambo la kuangalia ni kwamba chuma kipindwe kikiwa na moto, kisikatwe na kuchomelewa kona. Mkono uliopindwa una mnyumbuko, na mnyumbuko huo ndio unaoendelea kuikandamiza kazi baada ya nyundo kuondoka. Kama mguu umeng'aa mno na unateleza, ukwaruze kwa msasa mkali kwa kuuzungusha.


Seremala wa Langa Langa, Nakuru

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Plaiwudi ya 18 ninayo, na kizuizi cha kuanzia nimekwisha kukichagua katika mabaki ya grevilea. Nina maswali mawili kabla sijatoboa chochote. Uso wa meza yangu una unene wa milimita 38 tu. Je, chuma cha Mhunzi kitashika? Pia, mbali na msumeno wa kawaida, nina msumeno mdogo wenye bamba jembamba sana ambao hukata unapovutwa. Nikiuvuta, si nitakuwa nakiondoa kipande kwenye kizuizi?


Mhunzi na Seremala, Kakamega

Ndugu, 38 ni kidogo. Chuma kinahitaji unene wa milimita 50 au zaidi ili kipate pa kubana. Usibadilishe meza, ila bandika kipande cha mbao ngumu cha milimita 30 chini ya uso, mahali pa tundu, kwa gundi na skrubu, halafu utoboe vyote viwili kwa pamoja kutoka juu. Kipande hicho kiwe kipana, si chini ya milimita 120 kila upande, kwa sababu mguu husukuma pembeni kwa nguvu na mbao finyu itapasuka.


Fundi wa Kibuye, Kisumu

Umeona sawasawa kuhusu msumeno wa kuvuta. Unapouvuta, kipande huja kwako, kwa hiyo kizuizi cha juu lazima kiwe upande wako na kazi iwe ng'ambo yake. Hapo ubao nao utataka kukufuata, na kizuizi cha chini kilicho kwenye ukingo wa karibu hakitauzuia. Meza ikiwa nyembamba, tengeneza ubao mrefu unaojishika kwenye ukingo wa mbali. Meza ikiwa pana, tumia ubao usio na kizuizi cha chini na uubane kwa chuma cha Mhunzi. Msumeno huo haukubali kusukumwa, maana bamba lake litakunjika, basi usijaribu kuutumia kwenye ubao wa kawaida.


Dada Seremala, Luanda, Vihiga

Niongeze moja kwa ndugu wa fremu. Ubao huo ukiutengeneza kwa urefu wa milimita 500 na kuuongezea kijukwaa cha chini upande wa kulia, randa unaweza kuilaza ubavu juu ya kijukwaa hicho na kunyoa ncha ya kipande kilichoegemea kizuizi. Msumeno hata ukiwa mzuri huacha ncha yenye nywele, na kona ya fremu huonyesha kila unywele. Kwa kazi hii kizuizi kifike mpaka ukingo wa kijukwaa bila kubakiza nafasi, tofauti na ule ubao wa msumeno, ili nyuzi za nyuma zisimeguke. Randa iwe imenolewa vizuri, na ubavu wake uwe umesimama pembe mraba na kitako. Upime kwa skwea kwanza, kwa kuwa randa nyingi hazitoki kiwandani zikiwa hivyo. Paka nta ya mshumaa kwenye kijukwaa, nayo randa itateleza bila kukokoteka.